Filamu za 3D: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mtazamaji, Mwenye Ukumbi na Mtengeneza Filamu

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa sana kuhusu filamu za 3D: kama nyongeza ya bei ya tiketi ina maana, kwa nini wengine huumwa kichwa, na kwa nini studio bado zinazitoa. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Filamu ya 3D inafanyaje kazi?

Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban milimita 65, kwa hiyo kila jicho linaona kitu kutoka pembe yake. Ubongo huchukua tofauti hiyo ndogo na kuisoma kama umbali. Filamu ya 3D hufuata njia hiyohiyo: kuna picha ya jicho la kushoto na picha ya jicho la kulia, zote zinarushwa kwenye skrini moja, na miwani inahakikisha kila jicho linapata ya kwake tu.

Kitu ambacho picha zake mbili zimeangukia mahali pamoja huonekana kwenye usawa wa skrini. Picha ya kushoto ikisogea kushoto na ya kulia ikisogea kulia, kitu hurudi nyuma ya skrini. Zikipishana, ya kushoto ikawa kulia na ya kulia ikawa kushoto, kitu hutoka mbele kumfuata mtazamaji. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe: vua miwani filamu ikiendelea. Penye picha maradufu pana kina. Pasipo na maradufu ndipo ulipo usawa wa skrini. Ukivua miwani mara kadhaa na kila mara ukakuta picha karibu ni moja tu, basi 3D uliyolipia ni ndogo mno.

2. IMAX, 4DX na 3D ni kitu kimoja?

Hapana. IMAX ni mfumo wa skrini kubwa, projekta na sauti, na filamu nyingi za IMAX ni za 2D, yaani za kawaida zisizohitaji miwani. 4DX ni viti vinavyotikisika, upepo, ukungu na matone ya maji. Zote mbili zinaweza kuunganishwa na 3D, na hapo tiketi hupanda tena. Soma tiketi yako vizuri kabla ya kulipa.

3. Katuni za kompyuta si ndizo 3D?

Katuni hizo hutengenezwa kwa vinyago vya kompyuta vyenye pande tatu, lakini filamu iliyokamilika inaweza kuwa ya 2D ya kawaida. Ila kuna faida: kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya kompyuta, studio inaweza kuongeza kamera ya pili bandia na kupata picha ya jicho la pili bila kubahatisha. Ndiyo maana 3D ya katuni mara nyingi ni safi kuliko ya filamu za waigizaji zilizobadilishwa baadaye (swali la 6).

4. Hii ni teknolojia mpya?

Ni ya zamani kuliko sinema yenyewe. Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza kifaa cha kuona picha zenye kina mwaka 1838. Filamu ya 3D ya kulipia tiketi ilionyeshwa Los Angeles mwaka 1922, kwa miwani ya rangi mbili.

Wimbi kubwa la kwanza lilianza Novemba 1952 na "Bwana Devil", filamu ya rangi ya Arch Oboler kuhusu simba wa Tsavo walioshambulia wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Hadithi ni ya Kenya, lakini sehemu kubwa ilipigwa California. Wachambuzi waliiponda, foleni zikajaa. Mwaka uliofuata Warner Bros. walitoa "House of Wax", iliyoongozwa na André de Toth, mtu mwenye jicho moja ambaye hakuweza kuiona 3D ya filamu yake mwenyewe.

Wimbi lile halikudumu hata miaka mitatu, na sababu kubwa ilikuwa ndani ya chumba cha projekta. Zilihitajika projekta mbili zikienda sambamba, moja kwa kila jicho. Kipande cha mkanda mmoja kikikatika na fundi akaunga bila kukata fremu hizohizo kwenye mkanda wa pili, picha za macho mawili zilipishana muda na watazamaji wakatoka na maumivu ya kichwa. Na kwa kuwa projekta zote mbili zilikuwa kazini, mkanda ukiisha hapakuwa na projekta ya kupokea zamu, ikabidi filamu isimamishwe. Wakati huohuo, mwaka 1953, ikaja CinemaScope: skrini pana, bila miwani.

Wimbi la miaka ya 1980 lilikuwa fupi zaidi. La tatu, la kidijitali, lilianza 2005 na likapanda kileleni baada ya "Avatar" ya Desemba 2009.

## Kabla ya kununua tiketi

5. Nitajuaje kama filamu fulani inafaa kulipiwa 3D?

Uliza mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, muongozaji aliipanga filamu kwa ajili ya 3D tangu mwanzo? Dalili ni picha ndefu zisizokatwakatwa, kamera inayosogea taratibu, na nafasi kubwa mbele na nyuma ya mhusika. "Hugo" (2011), "Life of Pi" (2012) na "Gravity" (2013) ni mifano mizuri. Kati ya Tuzo tano za Oscar za upigaji picha zilizotolewa kuanzia 2010 hadi 2014, nne zilikwenda kwa filamu za 3D: hizo tatu pamoja na "Avatar". Filamu ya ngumi na risasi inayobadilisha picha kila sekunde moja au mbili haimpi mtazamaji muda wa kusoma kina, kwa hiyo unalipia kitu ambacho jicho lako halikifikii.

Pili, sehemu kubwa ya filamu ni ya usiku au gizani? 3D hula mwanga (swali la 7). Filamu ya giza ndani ya ukumbi wenye projekta dhaifu ni hasara mara mbili.

Tatu, ukumbi wenyewe ukoje? Huu ndio uamuzi ambao watu wengi huusahau. Filamu bora ya 3D kwenye ukumbi wenye taa ya projekta iliyochoka inapitwa na 2D ya filamu hiyohiyo kwenye ukumbi wa jirani. Kama hujui hali ya ukumbi, nenda 2D.

6. Kuna tofauti kati ya iliyopigwa kwa kamera mbili na iliyobadilishwa baadaye?

Ipo, lakini si ile inayodhaniwa. Wengi wanaamini iliyobadilishwa ni bandia na kwa hiyo ni mbaya. Sehemu kubwa ya "Gravity" ilibadilishwa au kutengenezwa kwenye kompyuta, na ni miongoni mwa 3D nzuri zilizopo. "Titanic" ilibadilishwa kwa ajili ya kurudi kumbini mwaka 2012, ikachukua wiki 60 na dola milioni 18, na matokeo yake ni ya kuheshimika.

Kinachoharibu ni haraka. "Clash of the Titans" (2010) ilipigwa kwa 2D. Baada ya mafanikio ya "Avatar" ikaamuliwa ibadilishwe kwa muda wa wiki chache tu. Nywele zilishikana na ukuta wa nyuma, nyuso zikawa bapa kama zimekatwa kwenye boksi, na mtazamaji akapandishiwa bei vilevile. Filamu hiyo iliingiza pesa nzuri, lakini iliwafundisha watu kutoliamini neno 3D kwenye bango.

7. Kwa nini picha ya 3D huonekana ya giza?

Kwa sababu mwanga unagawanywa na kuchujwa. Fuata safari yake kwenye mfumo wa kawaida wa projekta moja. Projekta inaonyesha jicho la kushoto, kisha la kulia, kwa kupokezana: kila jicho limeshapoteza nusu ya muda. Kisha mwanga unapita kwenye kichujio kinachoruhusu mwelekeo mmoja tu wa mawimbi, na hapo zaidi ya nusu ya kilichobaki hupotea. Kabla hata ya kufika kwenye miwani yako, jicho moja limebakiwa na chini ya robo. Mifumo ya kisasa zaidi huokoa sehemu ya mwanga uliokuwa ukitupwa, lakini hairudishi wote.

Kipimo cha sinema ya 2D ni kandela 48 (kandela ni kizio cha mwanga) kwa kila mita ya mraba ya skrini. Kwa 3D, kumbi nyingi zimekuwa zikionyesha kati ya 10 na 15, na baadhi hushuka chini ya hapo taa inapozeeka. Projekta za leza na mifumo ya projekta mbili hupunguza tatizo hili sana. Tangazo la ukumbi likisema "leza", hiyo ni sababu ya kweli ya kulipa zaidi.

8. Nikae wapi?

Katikati ya safu, na kutoka skrini nenda nyuma hadi kama theluthi mbili za ukumbi. Skrini inayotumika na miwani ya kawaida imepakwa rangi ya fedha ili irudishe mwanga bila kuuvuruga mwelekeo wake. Skrini hiyo hurudisha mwanga mwingi katikati na kidogo pembeni, kwa hiyo aliyekaa kwenye kona anaona upande mmoja wa picha umefifia. Ukikaa mbele sana, tofauti ya picha mbili inakuwa kubwa machoni na macho huchoka haraka.

9. Kuna miwani ya aina ngapi, na naweza kuja na yangu?

Ziko nne ambazo unaweza kukutana nazo:

- Nyekundu na samawati: ya karatasi, ya zamani, huharibu rangi. Kumbini imekufa, ipo kwenye majarida na video za mtandaoni.
- Ya vichujio vya mwelekeo wa mwanga, kama ya kampuni ya RealD: nyepesi, ya plastiki, haina betri. Ndiyo ya kawaida.
- Ya Dolby 3D: kila jicho hupokea nyekundu, kijani na buluu za mawimbi tofauti kidogo. Hutumika na skrini nyeupe ya kawaida. Ni ghali, hukusanywa na kuoshwa.
- Ya betri: kila kioo huziba na kufunguka kwa zamu kufuatana na projekta. Nzito, na chaji ikiisha unaona picha mbili.

Haziingiliani. Ya plastiki uliyobaki nayo kutoka ukumbi mmoja itafanya kazi kwenye ukumbi mwingine ikiwa mifumo inafanana. Ipime kwa kioo cha kujitazamia: ivae, fumba jicho moja, tazama sura yako. Kama kioo cha miwani kilicho mbele ya jicho lililo wazi kinaonekana cheusi, hiyo ni ya mwanga unaozunguka, ya aina ya RealD. Kama kinachoonekana cheusi ni kile cha jicho ulilofumba, ni ya mwelekeo ulionyooka, na kwenye ukumbi wa RealD itakuonyesha vivuli.

Futa kwa kitambaa laini na maji, si kwa pindo la shati. Alama ya kidole kwenye kioo kimoja tu husumbua kuliko uchafu ulioenea kotekote, kwa sababu macho mawili yanaletewa picha zisizolingana.

10. Navaa miwani ya macho. Nifanyeje?

Vaa ya 3D juu ya yako. Usivue yako: bila picha kali kwenye macho yote mawili, hakuna kina. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho hurahisisha mambo.

## Macho na afya

11. Kwa nini kichwa kinaniuma?

Katika maisha ya kawaida macho hufanya kazi mbili kwa pamoja: kulenga umbali ili picha iwe kali, na kugeuka ndani au nje ili yakutane kwenye kitu. Kwenye 3D, mkono ukitokeza mbele ya skrini, macho hugeuka kama mkono uko mita tatu, huku yakiendelea kulenga skrini iliyoko mita 15. Kazi zilizozoea kwenda pamoja zimetenganishwa. Mhariri wa filamu Walter Murch aliifanya hoja hii kuwa pingamizi lake kuu dhidi ya 3D mwaka 2011, na kimsingi hajakosea: filamu nzuri hupunguza mvutano huo, haiuondoi.

Sababu nyingine ni makosa ya kiufundi: picha moja iko juu kidogo kuliko nyingine, moja ni kali zaidi, au moja imechelewa. Makosa hayo huenda usiyatambue, ila macho yanahangaika kuyasawazisha kwa saa mbili nzima.

Ukianza kuumwa, tazama kona ya ukumbi yenye giza kwa nusu dakika au fumba macho. Kuinamisha kichwa begani huongeza tatizo hata kwenye miwani ya kisasa, kwa sababu picha mbili zimepangwa kwa macho yaliyo mlalo. Maumivu yakirudi kila filamu, nenda kapimwe macho. 3D mara nyingi huibua udhaifu wa misuli ya macho uliokuwepo muda mrefu.

12. Wenzangu wanashangaa, mimi sioni kitu. Nina tatizo?

Inawezekana macho yako hayashirikiani kusoma kina. Hutokea kwa mwenye makengeza, kwa mwenye jicho moja dhaifu tangu utotoni, na bila shaka kwa anayeona kwa jicho moja. Watu hao wanaishi na hata kuendesha magari vizuri kwa kutumia dalili nyingine: ukubwa, vivuli, mwendo. Kwako 3D ni 2D yenye giza na bei ya juu, basi nenda 2D bila kujionea haya. Ukilazimika kuandamana na wenzako, vaa miwani hivyohivyo, la sivyo utaona picha maradufu.

13. Watoto waangalie?

Wakala wa usalama wa afya wa Ufaransa, ANSES, ulishauri mwaka 2014 watoto chini ya miaka 6 wasiangalie 3D, na wa kati ya 6 na 13 waangalie kwa kiasi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kwa upande wake kimesema hakuna ushahidi kwamba 3D hudhuru macho ya mtoto. Kwa vitendo: miwani ya watu wazima humteleza mtoto mdogo, na akiivua filamu nzima ni ukungu. Chini ya miaka 6, 2D inamfaa zaidi hata kwa sababu hiyo peke yake.

## Mambo yakiharibika ukumbini

14. Naona kivuli cha pili pembeni ya vitu vyeupe.

Picha ya jicho moja inavuja kwenda jicho la pili. Huonekana zaidi kwenye maandishi meupe juu ya weusi, au mwezi usiku. Kagua miwani kwanza: badilisha na ya mwenzako. Kama kivuli kinabaki kwa kila mtu, tatizo ni la ukumbi: skrini ya fedha imeoshwa vibaya au imekwaruzwa, au kichujio cha projekta kimechafuka au kupinda kwa joto. Mwambie mhudumu mapema, usingoje filamu iishe.

15. Kina kimegeuka, cha mbele kipo nyuma.

Macho yamebadilishwa. Geuza miwani juu chini, vioo vibadilishane pande, kisha tazama. Ikitengemaa, ukumbi umekosea mpangilio wa jicho la kushoto na la kulia, na kwenye projekta ya kidijitali hilo hurekebishwa kwa sekunde chache. Watu wengi hukaa filamu nzima wakidhani ndivyo 3D ilivyo.

16. Nilikuja kuangalia 2D, mbona giza hivi?

Geuka utazame kidirisha cha projekta. Ukiona miale miwili iliyopangana, mmoja juu ya mwingine, huenda lenzi ya 3D imeachwa mahali pake. Baadhi ya projekta za 4K za Sony zilitumia lenzi pacha kwa 3D, na kuibadilisha kwa onyesho la 2D ni kazi ya fundi, kwa hiyo kumbi nyingine ziliiacha. Gazeti la Boston Globe liliandika juu ya jambo hili mwaka 2011. Filamu ya 2D ikipita kwenye vichujio hupoteza mwanga bure, nawe una haki ya kulalamika.

## Upande wa studio na watengenezaji

17. Studio inapata nini hasa?

Nyongeza ya bei. Marekani nyongeza hiyo imekuwa kati ya dola 3 na 5 kwa tiketi, na studio hugawana mapato na ukumbi, kwa kawaida karibu nusu kwa nusu. Tuchukue mfano wa hesabu: nyongeza ni dola 4, studio inabaki na dola 2, na kubadilisha filamu kumegharimu dola milioni 10. Zinahitajika tiketi milioni 5 za 3D ili gharama irudi, kabla ya kuhesabu miwani na ada za mfumo. Kwa filamu ya mashujaa inayotoka duniani kote, tiketi milioni 5 ni jambo jepesi. Kwa tamthilia ya kifamilia, ni ndoto.

Ndiyo maana jibu la "je, 3D inalipa" halipo moja. Inalipa kwa filamu chache kubwa ambazo watu wangekwenda kuziona hata hivyo. Wikendi ya kwanza ya "Gravity" nchini Marekani, karibu asilimia 80 ya mapato yalitoka kwenye 3D. "Avatar: The Way of Water" (2022) ilivuka dola bilioni 2.3 duniani, na 3D ndiyo iliyokuwa sababu ya wengi kutoka nyumbani.

Kulikuwa na faida nyingine isiyosemwa sana: 3D ndiyo iliyozisukuma kumbi kuachana na mikanda na kununua projekta za kidijitali, na hilo limewapunguzia wasambazaji gharama ya kuchapa na kusafirisha mikanda hadi leo.

18. Gharama zinatoka wapi?

Ukipiga kwa 3D: kamera mbili, lenzi mbili zinazolingana, na fremu maalumu ya kuzishika. Kamera za sinema ni pana kuliko milimita 65, haziwezi kukaa bega kwa bega na bado ziwe karibu vya kutosha. Kwa hiyo hutumika kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, kilicholazwa nyuzi 45: kamera moja hupiga kupitia kioo, nyingine hupiga kinachoakisiwa. Kioo hugawa mwanga, kila kamera inapata nusu, taa za seti lazima ziongezwe. Kioo hicho pia hutendea mng'ao kwa namna tofauti kwa kila kamera: maji na rangi ya gari hung'aa kwa jicho moja na si kwa lingine. Vumbi hutua juu yake. Kila lenzi ikibadilishwa, upangaji unaanza upya.

Ukibadilisha baadaye: mafundi hukata mipaka ya kila kitu kwenye kila fremu, nywele kwa nywele, huweka ramani ya kina, husogeza vitu kutengeneza picha ya jicho la pili, kisha hujaza matundu yaliyobaki nyuma ya vitu vilivyosogezwa. Kwa fremu 24 kila sekunde. Ukigawa dola milioni 18 za "Titanic" kwa urefu wake wa saa tatu na robo, unapata zaidi ya dola 90,000 kwa dakika moja.

19. Nani hulipia miwani?

Marekani zililipiwa na studio kwa muda mrefu. Mwaka 2011 Sony ilitangaza kwamba kuanzia Mei 2012 haitalipa tena, wenye kumbi wakapinga vikali. Kwingineko mtazamaji hununua miwani na kubaki nayo, na kwa maoni yetu huo ni utaratibu safi zaidi.

20. Kwa nini zimepungua?

Mwaka 2010 3D iliingiza dola bilioni 2.2 Marekani na Kanada, karibu tano moja ya mapato yote ya kumbi. Mwaka 2017 ilikuwa bilioni 1.3. Mwaka huohuo IMAX ilisema itapunguza maonyesho ya 3D Amerika Kaskazini kwa sababu wateja wake walichagua 2D. Uchina ilishikilia zaidi. Kwa miaka mingi filamu kubwa ya Hollywood ilionyeshwa huko kwa 3D karibu kila mahali.

Sababu tumeshazitaja: haraka (swali la 6) na giza (swali la 7). Studio zilitoza bei ya "Avatar" kwa kazi isiyofanana na "Avatar", na kumbi zikabana matumizi ya taa.

21. Mtengenezaji wa Dar es Salaam au Nairobi apige kwa 3D?

Kwa filamu ndefu ya kibiashara, hapana. Watazamaji wengi watakutana na kazi yako kwenye simu, televisheni au YouTube, ambako 3D haina kazi. Pesa hiyo iende kwenye sauti.

Kwa video fupi ya makumbusho, hoteli ya utalii au maonyesho, ambako unaudhibiti ukumbi, inawezekana kwa gharama ndogo. Zingatia haya:

Umbali kati ya lenzi mbili usizidi sehemu moja ya 30 ya umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi. Kitu kikiwa mita 2, lenzi ziachane kwa takriban milimita 65. Kikiwa sentimita 90, ziachane sentimita 3 tu.

Jua ukubwa wa skrini kabla ya kupiga. Kwenye skrini ya mita 10, milimita 65 ni asilimia 0.65 ya upana, yaani pikseli 13 kwenye picha ya pikseli 2,000. Picha mbili za mlima wa mbali zikiachana zaidi ya hapo, macho ya mtazamaji yatalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, na hayajaumbwa hivyo. Video iliyopangwa kwa televisheni ya inchi 55, ambako milimita hizo 65 ni zaidi ya asilimia 5 ya upana, itawaumiza watu ukiipeleka kwenye skrini kubwa.

Kitu kinachotokeza mbele kisikatwe na ukingo wa fremu wa kushoto au kulia. Ubongo hukataa kitu kilicho mbele ya dirisha lakini kimekatwa na dirisha hilohilo.

Tumia kamera zinazoweza kuunganishwa ili kila fremu ipigwe kwa wakati uleule. Zikipishana hata nusu fremu, kila kinachokimbia kitaharibika.

22. Manukuu ya Kiswahili kwenye 3D yana ugumu gani?

Maandishi yana kina chake pia. Ukiyaweka kwenye usawa wa skrini huku bega la mhusika limetokeza mbele, msomaji anaona maandishi yaliyo nyuma ya bega lakini yanalifunika. Jicho halikubali. Faili la manukuu la kidijitali la ukumbini lina sehemu ya kuandika kina cha kila mstari: weka maandishi mbele kidogo ya kitu kilicho karibu zaidi kwenye picha hiyo, na usiyarukishe mbele na nyuma kwa kila mstari.

## Nyumbani

23. Televisheni za 3D zilipotelea wapi?

Zilikuja kwa kishindo mwaka 2010, mwaka ambao mechi 25 za Kombe la Dunia la Afrika Kusini zilirekodiwa kwa 3D. ESPN ilifungua chaneli ya 3D na kuifunga 2013. LG na Sony, waliokuwa wamebaki, waliacha kutengeneza seti hizo mwaka 2017. Miwani ya betri ilikuwa ghali kwa familia ya watu sita, vipindi vilikuwa vichache, na kina kwenye skrini ndogo huwa kidogo (hesabu iko swali la 21). Seti iliyotumika inayouzwa leo bado inafanya kazi, mradi upate miwani yake.

24. Nimefungua faili, naona picha mbili zilizobanwa pembeni kwa pembeni.

Faili ni la 3D, picha ya kushoto na ya kulia zimegawana skrini. Ukiwa na televisheni ya 3D, washa 3D na uchague mpangilio wa pembeni kwa pembeni. Huna? Itazame kama 2D kwa programu ya VLC ya kompyuta: bonyeza Ctrl+E, nenda kwenye madoido ya video, sehemu ya kukata, kisha upande wa kulia weka 960 kama video ni ya upana wa 1920. Picha itabaki nyembamba. Bonyeza herufi A mpaka uwiano ufike 16:9. Kama picha zimepangwa juu na chini, kata 540 kutoka chini badala yake.

Ujue umepoteza nusu ya ukali wa picha. Ukipata toleo la 2D la kawaida, ni bora.

25. Vifaa vya kuvaa kichwani, kama Apple Vision Pro na Meta Quest, ni bora kuliko ukumbi?

Kwa ubora wa 3D peke yake, ndiyo. Kila jicho lina skrini yake, hakuna mwanga wa kugawana wala picha ya kuvuja, kwa hiyo matatizo ya swali la 7 na la 14 hayapo kabisa. Vision Pro ilitoka Februari 2024 ikiwa na filamu za 3D za Disney+. Uzito wake ni zaidi ya gramu 600, unaosikika shingoni kabla filamu ya saa tatu haijafika nusu, na kila mtazamaji anahitaji cha kwake. Mvutano wa kulenga na kukutana kwa macho (swali la 11) bado upo.

26. Kitufe cha kugeuza 2D kuwa 3D kwenye televisheni kinafaa?

Hapana. Kinabahatisha kina kwa kufuata mwendo, rangi na nafasi ya kitu kwenye fremu, mara nyingi kikidhani cha chini kiko karibu na cha juu kiko mbali. Kwenye mpira wa miguu hubahatisha vizuri kidogo, kwa sababu uwanja kweli umekaa hivyo. Kwenye sura ya mtu, pua hubaki usawa mmoja na masikio.